Kavindu na Kabila la Wakuvi

Ukifika Waithaka usiulizie Kavindu, watu watakuzungusha bure. Ulizia mama wa kreti. Huyo kila mtu anamjua: mwanamke anayesimama juu ya kreti ya soda ndani ya kibanda cha mabati, pasi ya makaa mkononi, mashavu yamejaa maji kama mtoto aliyefumwa na peremende. Bila kreti, meza ya kupigia pasi inamfika kidevuni. Yeye mwenyewe alikuwa akisema Mungu alipofika kwake kitambaa kilikuwa kimepungua, basi akashona alichoweza. Alilisema hilo kwa kucheka, lakini hiyo ilikuwa kabla ya mambo haya.

Kazi yenyewe aliifanya kizamani. Anajaza maji mdomoni, anapuliza, maji yanatua shatini kama umande, kisha pasi inafuata na mvuke unapanda hadi kwenye mabati. Wamucii wa kibanda cha pili, muuza githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, alipenda kumtania kwamba nusu ya wanaume wa Dagoretti wanaenda kazini wamevaa mate ya Kavindu. Kavindu alimjibu kwamba ndiyo maana wanarudi salama.

Na hapo hakuwa akitania sana. Bibi yake kule Mwingi, siku zake za mwisho zilipokaribia, aliwaita wajukuu wote, akawatazama mmoja mmoja, kisha akamtemea huyu mfupi mate kiganjani na kumfunga vidole. Basi ikawa hivyo. Mdomo wa kubariki ulimwangukia Kavindu, na binamu zake warefu wakaenda zao na urefu wao. Bibi alimwachia na masharti. Usibariki ukiwa na hasira. Usipokee chochote. Na kichwa kilichoinama mbele yako usikinyime, hata kiwe cha adui. Hakumwambia afanye nini na kichwa kinachoinama kwa mzaha, kwa sababu kule Mwingi, wakati ule, hakuna aliyewahi kufikiria kuleta mzaha kwenye jambo kama hilo.

Kwa hiyo watu walikuja. Kijana anayekwenda kutahiniwa udereva, mwanamke aliyekaribia kujifungua, mtu aliyeitwa kwenye usaili wa kazi mjini. Walifika asubuhi, wakainama mbele ya kreti, naye akawanyunyizia mate mepesi utosini na kusema, "Ngai akuathime," Mungu akubariki. Mchungaji alihubiri Jumapili moja kwamba mate ni mate tu, ushamba tuuache. Mtihani wa darasa la nane ulipofika, mke wa mchungaji alimleta mwanawe kibandani kabla jua halijatoka, akiwa amejifunika leso hadi machoni. Kavindu alimbariki yule mtoto na hakumwambia mtu, ila Wamucii, na Wamucii akaliambia soko zima.

Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake, na nyingine hakuwa nayo. Mume, Mulwa, alikwenda zamani na mwanamke mwenye miguu mirefu. Siku ya kuondoka alisimama mbele ya wenzake, akamwonyesha Kavindu kwa kidole, akasema, "Mimi nilitafuta mke, nikapewa sampuli." Wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega. Kavindu alikuwa na mimba. Maneno yale aliyabeba miaka yote bila kumwambia mtu yeyote, hata Wamucii, na ukimjua Wamucii utaelewa kwa nini.

Kitu kingine cha kibandani unachopaswa kukijua ni chupa. Kulikuwa na kipindi Kavindu alikwenda kupiga pasi Spring Valley, mtaa wa matajiri, kwa mama mmoja wa ukoo wa Were. Siku moja mama huyo aliingia chumba cha nguo akamkuta amejaza mashavu juu ya shati la bwana mkubwa. Alipiga ukelele ungedhani ameona nyoka. Siku iliyofuata akamletea chupa ya buluu ya kunyunyizia maji, ile ya kubonyeza kwa kidole. "Tumia hii, tafadhali. Sitaki mdomo wa mtu kwa nguo zetu." Kazi ilipokwisha aliambiwa aondoke nayo, maana nani mwingine angeitaka. Akaitundika msumarini kibandani. Mteja akisema hapendi mambo ya mdomo, Kavindu aliishusha chupa bila kununa, akambonyezea, akairudisha. Kila mtu na apewe anachotaka.

Sasa tumwingize mwana. Musili alitoka mrefu, kwa baba yake, na Kavindu alimlea kama yai. Hakumpiga, hakumgombeza, alipolia alimpa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini wahenga hawakuwahi kuachwa na Mulwa. Kila asubuhi ya shule mtoto aliinama mbele ya kreti. Alipokua zaidi ilimbidi apige magoti. Alibarikiwa akaenda sekondari, akabarikiwa akaenda chuo, akabarikiwa akapata kazi kwenye duka la simu na kompyuta katikati ya jiji, kazi ya kubadilisha vioo vya simu za watu wasiojua kushika vitu.

Ni huko dukani mwenzake Dalmas alimwingiza kwenye mchezo. Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, uko hivi: watu wanaizunguka meza, mmoja anasimulia safari, wengine kila mmoja anajifanya mtu wa hadithini, huyu mpiganaji, yule mwizi, yule mganga. Wakifika penye hatari wanatupa dadu kujua kama wamepona. Wanaweza kucheza mwaka mzima na joka likawa bado halijafa. Watu wazima, wenye ndevu. Walikutana Jumamosi mchana nyumbani kwa msichana aitwaye Debra, Spring Valley hiyo hiyo, chini ya veranda yenye maua ya zambarau. Musili ndiye aliyekuwa msimulizi wao, na alikuwa na kipaji, hilo tusimnyime. Akiigiza sauti ya mtu unageuka kumtafuta mtu huyo mlangoni.

Debra alikuwa na binamu yake, Maxwell, mwenye kampuni ya kutengeneza michezo huko Westlands. Maxwell alikuja Jumamosi moja, akakaa, akasikiliza, akachoka. Katika kitabu cha mchezo, kilichoandikwa ng'ambo, kulikuwa na kabila la watu wafupi wanaoishi mashimoni, kazi yao kula na kujificha. Maxwell akasema, "Hawa short people ni wa wazungu. Nani hapa anaishi kwa shimo? Nataka wafupi wetu. Mtu akinitengenezea wafupi wa hapa, wakae wa ukweli, huyo nampea kazi ya kuandika. Kesho."

Musili alirudi Waithaka bila usingizi. Aliandika wafupi wa milimani, akawafuta. Akaandika wafupi wa ziwani, akawafuta. Kisha jioni moja akakaa kibandani akimsubiri mama yake afunge, akamwona anashuka kwenye kreti kwa mguu wa kushoto kwanza, kama alivyoshuka maisha yake yote. Akatazama. Akatazama tena.

Tangu jioni hiyo akawa mtoto mwema ajabu. Alitoka kazini akaja moja kwa moja kibandani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamuuliza mama yake maswali. Mama, ukiwa mdogo walikuwa wanakuita nani? Kavindu akacheka. "Kakuvi. Kafupi. Shule nzima. Hata mwalimu." Na ulikuwa unaskia aje? "Ningeskia aje na mimi ni mfupi? Maneno yalikuwa yananipita juu." Na hii maneno ya mate, susu yako, yule bibi wa Mwingi, alikufunza aje? Akamwambia yote, na masharti. Na mbona babangu alienda?

Kavindu aliishusha pasi. Alikuwa amelingoja swali hilo tangu mtoto alipoanza kusema. Akamweleza. Sampuli, kidole, wenzake, kicheko, yote, akiongea polepole huku akifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. Musili alimshika mkono. Usiku huo Kavindu alilala mwepesi, akimshukuru Mungu kwamba hatimaye ana mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu mama aliyekagua nguo za Waithaka nzima hakuwahi kukagua zake.

Wiki chache baadaye Musili akaja na habari. "Mum, wale mabeshte wangu wa Spring Valley wanataka uwabariki."

"Mimi?"

"Wewe. Nimewaambia story yako. Watatuma gari."

Kavindu alijivunia hadi ikamtia aibu. Alikopa viatu vya Wamucii, akavijaza karatasi mbele. Alijipigia pasi gauni lake la kanisani mara mbili. Jumamosi hiyo hakunywa chai, maana bibi yake alimfundisha kwamba kwa jambo kubwa mdomo uende mtupu. Gari lilipowapandisha Spring Valley, yeye na Musili, lilipita lango la kina Were, naye akalitambua, lile dogo la nyuma alilokuwa akiingilia. Safari hii aliingia nyumba ya watu kwa lango la mbele, na askari akamfungulia.

Verandani walikuwa watano: Debra mwenyewe, Maxwell, Dalmas, na vijana wawili wa kike na kiume waliovaa fulana zinazofanana. Meza ilitandazwa ramani, na juu ya ramani vimejaa vinyago vya ukubwa wa kidole gumba: majoka, wapiganaji, farasi. Aliwakuta wameinamia meza kimya, wakisoma karatasi zao, na Kavindu akadhani wanaomba. Akasimama mlangoni akangoja waseme amina.

"Susu amefika!" Debra aliinuka akapiga makofi. "Oh my God, ni yeye kabisa!"

Wakamzunguka. Walimpa kiti, na mtu mmoja akaleta kreti ya soda akaiweka chini, mpya, safi, akamwomba asimame juu. Kavindu akamtazama mwanawe. Musili akatabasamu, akaitikia kwa kichwa: panda, mama. Akapanda. Debra akaja akainamisha kichwa mbele yake.

Kichwa kilichoinama hakinyimwi. Kavindu alifumba macho, akamfikiria huyu msichana kama binti, akamwombea mume mpole na tumbo lenye rutuba, akamnyunyizia utosini. "Ngai akuathime." Akasikia mtu amebana kicheko puani, lakini vijana hucheka, hata kanisani hucheka. Akafuata yule wa fulana, na mwenzake. Maxwell aliinama akiwa ameinua simu juu ya kichwa chake mwenyewe, imewashwa. Dalmas alibaki kitini akichezea dadu. Huyu Dalmas aliwahi kufika Waithaka asubuhi ya usaili wake, akapiga magoti vumbini, akabarikiwa, akapata kazi. Sasa hakunyanyua macho, wala hakusema neno, na kama alidhani kukaa kimya ni kujitoa, basi alidhani vibaya.

"Na dice pia, mum," Debra alisema, akimletea dadu kwenye viganja.

Kavindu akasita. Hakuwahi kubariki kitu kisicho na kichwa. Akamtazama tena Musili, na Musili, mtoto aliyemlea kama yai, akasema, "Iko sawa, mum." Akabariki dadu. Wakatupa. Ikaja namba kubwa kuliko zote, wakapiga kelele hadi mbwa wa jirani wakabweka.

Kisha wakamletea chai na keki, wakamwambia akae, atazame, kwa kuwa hii ni yake. Mchezo ukaanza. Hapo ndipo Kavindu alipokiona kinyago kilichokuwa katikati ya ramani: kijanamke kidogo juu ya kreti, mashavu yamevimba. Alikipenda kwanza. Alinyoosha mkono akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Mmefika bonde la Wakuvi," Musili alisimulia.

Wakuvi. Kavindu alikirudisha kidole.

Wafupi hawa, Musili aliendelea, hutembea na kreti mgongoni ili wafikie mambo ya dunia. Hawana silaha wala nguvu. Wana kitu kimoja tu: wakikutemea mate, bahati yako kwenye dadu inapanda. Na wana udhaifu mmoja: Mkuvi hawezi kumnyima mtu aliyeinamisha kichwa, hata awe adui. Kila anapotema anakauka kidogo. Akitema sana, anakufa.

"Genius," Maxwell alisema. "So mtu anaweza kuwamaliza kwa kuwainamia tu."

Ndivyo walivyofanya. Debra, aliyekuwa mpiganaji, alimkamata Susu wa Wakuvi akamfunga ndani ya kreti yake, wakambeba mgongoni mwa farasi. Kila walipofika penye hatari walimtoa, wakapanga mstari, wakainama. Na Susu alisema. Musili ndiye aliyemsemea, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya Kavindu: ile filimbi inayopita kwenye mwanya wa meno ya mbele, lile "ngai, ngai" kabla ya kila sentensi, ule mguno wa kushuka kreti kwa mguu wa kushoto. Aliigiza vizuri mno. Walicheka hadi Debra akalaza uso mezani.

"Na mabwana wa Wakuvi wako wapi?" aliuliza mmoja wa wale wa fulana, na ilionekana wanajua jibu, kwamba wamekuwa wakilicheza Jumamosi nyingi, kwa sababu wote walivuta pumzi pamoja.

"Waliwaacha," Musili alisema, "wakisema..."

Na meza nzima, kwa sauti moja, kama watoto wa shule: "Nilitafuta mke, nikapewa sampuli!"

Kavindu alikuwa na kikombe mkononi. Wote waligeuka kumwona mwenyewe atafanya nini. Akacheka. Jamani, akacheka, kwa sababu walikuwa wakimtazama na alikuwa mgeni kwao, na chai ilikuwa nzuri na hakujua afanye nini na uso wake. Maxwell aliishika simu vizuri asikose kicheko hicho.

Susu wa Wakuvi alikufa jioni hiyo, penye mto. Walikuwa wamemwinamia mara nyingi. Musili alimwigiza anavyojaribu kukusanya mate, ulimi mkavu ukigonga meno, "Nga... Ngai a..." Halafu akanyamaza, akakilaza kile kinyago ubavu. Hata hawa walikuwa wameguswa, nadhani, kwa namna yao.

"Sawa," Debra alisema. "Kuna Mkuvi mwingine hapo karibu?"

Maxwell alimpa Musili mkono pale pale. Alhamisi aje Westlands, aonane na wakubwa wenzake, lakini ni kama imeisha, kazi ni yake.

Kwenye gari la kurudi Musili hakutulia. "Umependa, mum? Umeona venye wamekupenda? Hiyo ni heshima, unajua. Watu wengi hawawezi wekwa kwa game."

"Keki ilikuwa nzuri," Kavindu alisema, akatazama nje hadi Waithaka.

Na kama mambo yangeishia Spring Valley, huenda angeyameza, kama alivyoyameza ya Mulwa. Lakini Maxwell alikuwa na simu. Video ilimpita Kavindu njiani. Kufikia Jumatatu ilikuwa imeshafika sokoni kabla yake. Kina mama waliitazama wakirudisha nyuma, wakasikia neno la sampuli, wakalielewa upesi, maana mitaa huelewa. Wamucii alikuja akiwa na sahani ya githeri ambayo hakuombwa, akasimama, akashindwa kusema. Hilo la Wamucii kushindwa kusema liliniambia mimi jinsi jambo lilivyokuwa zito.

Kisha wakaanza kuja. Vijana wa bodaboda watatu, wameinama, mabega yanatikisika. Msichana wa chuo, simu imeegemezwa kwenye ndoo. Mtu mzima kabisa, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeinama akiwa ameshika dadu za kamari za baa. Kavindu aliwabariki. Sharti ni sharti. Kila mmoja aliyeondoka alicheka kabla hajafika kwa Wamucii.

Jumatano asubuhi akaja Ngina, binti wa jirani, tumbo la mimba yake ya kwanza limeshuka, uchungu umeanza, mumewe anamngoja barabarani na teksi. Msichana alikuwa analia. Aliinama kwa shida, tumbo likimzuia, akashika ukingo wa meza ya pasi. Hapakuwa na mzaha wowote kwenye kichwa kile. Na Kavindu, kabla ya kumbariki, aliangalia nyuma ya bega lake kutafuta simu.

Alitafuta barabarani, kwenye ndoo, mikononi mwa mume. Hapakuwa na kitu. Aliporudisha macho kwa msichana, mdomo wake ulikuwa mkavu. Alijaribu. Ulimi uligonga meno. Akasema lile "Ngai" na lililofuata halikutoka, na akaisikia sauti yake mwenyewe ikiwa ile ya mezani Spring Valley, filimbi na yote. Mwishowe alimwekea Ngina kiganja kichwani tu. Ngina aliinua uso akamtazama, akisubiri, hadi mumewe akaita.

Ngina alijifungua salama mchana huo, mtoto wa kike, hospitali ikamruhusu kurudi nyumbani. Haikumsaidia Kavindu. Maana sasa alijua kwamba hawezi tena kutofautisha vichwa, kwamba kila kitakachoinama mbele yake hadi kufa kwake atakitafutia simu kwanza. Mulwa alimwachia aibu tu. Huyu aliyetoka tumboni mwake alimchukulia kile kimoja, akakipeleka mezani, wakakinywa.

Alhamisi Musili aliamka mapema. Alioga, akavaa suruali nyeusi na shati jeupe ambalo mama yake alilipiga pasi usiku uliopita, kola imesimama. Alifika kibandani Kavindu akiwa ameshaanza kazi, makaa yamewaka vizuri, lundo la nguo limemfika kifuani hata akiwa juu ya kreti.

"Mum, leo ndiyo leo."

"Naona."

Akapiga magoti, akitandika gazeti kwanza asichafue suruali. Akainamisha kichwa. Na hapo, nitasema ukweli, hakuwa akifanya mzaha. Aliogopa. Mabega yake yalikuwa ya yule mtoto aliyekuwa akiinama hapo kila asubuhi ya shule. Wamucii alikuwa amesimama na mwiko mkononi, chungu kinaungua.

Kavindu alitazama utosi wa mwanawe kwa muda. Kichwa kilichoinama hakinyimwi, hata kiwe cha adui. Bibi alisema pia usibariki ukiwa na hasira, na masharti yote mawili yalikuwa ya bibi yule yule.

Akanyoosha mkono msumarini. Akaishusha chupa ya buluu. Akamwelekezea utosini, akabonyeza mara tatu, kama anavyofanyia nguo za wale wasiotaka mdomo wake, na maji yakamtiririka Musili masikioni hadi kwenye ile kola.

"Haya," akasema. "Nenda."

Musili aliinua uso uliolowa. Hakuelewa, kisha akaelewa. "Mum. Na mate?"

"Susu si alikufa?" Kavindu alisema. "Wewe ndiye ulimlaza."

Aliirudisha chupa msumarini. Akachukua shati lililokuwa juu ya lundo, la fundi mmoja wa mabomba ambaye hakumjua hata jina, akalitandaza. Kisha akachota maji kwa kikombe, akajaza mashavu, akalipulizia shati la yule mtu asiyemjua, kola hadi pindo, taratibu, huku mwanawe akiwa bado amepiga magoti juu ya gazeti.